Sayari, nyota, mfumo wa Jua na galaksi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yaliyokusanywa hapa huibuka karibu kila watu wanapozungumzia anga, na mengi yana chanzo kimoja: tumefundishwa majina ya vitu kabla ya kuelezwa kipi kimo ndani ya kipi. Mpangilio huo ndio wa kuushika kwanza. Wa pili ni kwamba vitu hivi vina undugu. Galaksi huzaa nyota, mabaki ya kuzaliwa kwa nyota huwa sayari, na nyota inapokufa huirudishia galaksi malighafi ya kuzaa nyota nyingine. Majibu mengi hapa chini yanatoka kwenye mambo hayo mawili.

Kwa kifupi, nini kimo ndani ya nini?

Mwezi huzunguka sayari, sayari huzunguka nyota. Nyota pamoja na kila kinachoizunguka, yaani sayari, miezi yake, asteroidi (mawe makubwa ya angani), nyotamkia na vumbi, ni mfumo mmoja. Mfumo wetu tunauita mfumo wa Jua kwa sababu nyota yake ni Jua. Mabilioni ya nyota, pamoja na mifumo yake na gesi iliyotanda katikati, ndiyo galaksi; yetu ni Njia Nyeupe. Galaksi nazo huishi kwa makundi, na makundi yote yamo katika ulimwengu mmoja.

Kinachofunga ngazi zote hizi ni kimoja tu: nguvu ya uvutano. Inayokurudisha chini ukiruka ndiyo hiyo hiyo inayouzuia Mwezi usitoroke na inayoweka Jua ndani ya galaksi.

Jua ni nyota kweli? Mbona halifanani na nyota za usiku?

Ni nyota, na linaonekana kubwa kwa sababu liko karibu. Umbali wake ni kilomita milioni 150, ambao mwanga huumaliza kwa dakika 8 na sekunde 20 hivi. Nyota inayofuata kwa ukaribu, Proxima Centauri, mwanga wake hutumia zaidi ya miaka minne kutufikia. Lichukue Jua ulipeleke huko, nalo litakuwa nukta kama nyingine.

Tofauti ya nyota na sayari ni nini hasa?

Tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo. Mpira wa gesi ukiwa mkubwa vya kutosha, uzito wake unaubana moyo wake mpaka joto linafika mamilioni ya nyuzi, na viini vya haidrojeni vinaanza kuungana na kuwa heliamu. Muungano huo hutoa nishati, na nishati hiyo ndiyo mwanga wa nyota. Kiwango cha chini cha kuwasha moto huo na kuudumisha ni takriban asilimia 8 ya tungamo la Jua.

Sayari haijafika huko. Haina mwanga wake yenyewe. Tunayoona ni nuru ya nyota iliyoangukia juu yake na kurudishwa. Mshtarii, mkubwa kuliko sayari zetu zote, ungehitaji kuongezwa tungamo mara 80 hivi ndipo uwake kama nyota. Kati ya pande hizo mbili kuna vibete vya kahawia, vilivyo vizito mno kuitwa sayari na vyepesi mno kuwaka haidrojeni. Mpaka wa maumbile hauna ukuta mnyoofu kama tunavyopenda kuuchora.

Kwa nini sayari hazianguki kwenye Jua?

Kwa namna fulani zinaanguka kila sekunde. Dunia inakwenda mbele kwa kasi ya kilomita 30 hivi kwa sekunde. Bila Jua ingenyoosha moja kwa moja na kupotelea mbali. Bila kasi hiyo ingetumbukia ndani ya Jua. Mambo mawili yakikutana, njia yake inapinda na kujifunga, na huo ndio mzunguko. Hakuna cha kuipunguzia mwendo, kwa kuwa anga ya huko ni karibu tupu, hivyo imeendelea hivyo kwa mabilioni ya miaka.

Kuna jambo la ndani zaidi ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Tunasema sayari huzunguka Jua, lakini Jua nalo huvutwa na sayari. Vyote huzunguka kitovu kimoja cha pamoja. Kwa Jua na Mshtarii, kitovu hicho kiko nje kidogo ya uso wa Jua. Kwa hiyo Jua halikai palepale: linayumba taratibu, kwa mita 12 hivi kwa sekunde, likifuatana na Mshtarii katika mzunguko wake wa karibu miaka 12.

Kuyumba huko kulitupa uvumbuzi mkubwa. Mwaka 1995, wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz, wakitumia kituo cha kuchunguzia anga cha Haute-Provence huko Ufaransa, walipima mwanga wa nyota 51 Pegasi, iliyo umbali wa miaka ya nuru 50 hivi (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga huusafiri kwa mwaka mmoja). Mwanga ulionyesha kwamba nyota inasogea kuja kwetu, kisha inarudi nyuma, kwa kasi inayofika mita zaidi ya 50 kwa sekunde, na kurudia vilevile kila siku 4.2. Kulikuwa na kitu kinaivuta, chenye nusu hivi ya tungamo la Mshtarii, kikiizunguka kwa siku nne tu. Sayari yenyewe hawakuiona. Waliona nyota ikicheza. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na kwangu mimi hakuna mfano bora wa uhusiano wa nyota na sayari kuliko huu.

Mfumo wa Jua ulitokana na nini?

Ulitokana na wingu. Kati ya nyota za galaksi kuna mawingu makubwa ya gesi na vumbi, baridi sana. Miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita sehemu ya wingu mojawapo ilianza kujikusanya kwa uvutano wake yenyewe. Kila lilivyojikunja ndivyo lilivyozidi kuzunguka kwa kasi, na kuzunguka huko kukalifanya bapa kama sahani. Katikati pakawa Jua. Jua lilichukua karibu kila kitu: hata leo lina asilimia 99.8 ya tungamo lote la mfumo. Sayari zote, pamoja na Dunia na bahari zake, zimetengenezwa kwa salio.

Ndiyo maana sayari zote huzunguka kwa uelekeo mmoja na karibu katika bapa moja. Ndiyo maana pia zimegawanyika makundi mawili. Karibu na Jua palikuwa na joto, maji yakabaki mvuke, na vilivyoweza kuganda ni mwamba na metali. Hapo ndipo zilipojengeka Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, sayari ndogo na ngumu. Mbali zaidi, kuvuka Mirihi, barafu iliweza kuganda. Malighafi ikawa nyingi, viini vya sayari vikanenepa na kuanza kunyakua gesi. Huko wakatokea Mshtarii, Zohali, Uranusi na Neptuni.

Hii si hadithi ya kukisia tu. Mwaka 2014 darubini za redio za ALMA, zilizoko kwenye jangwa la Atacama nchini Chile, zilipiga picha ya nyota changa iitwayo HL Tauri. Ilionekana imezungukwa na sahani ya vumbi yenye mistari ya giza iliyokatwa duara, kama inavyotarajiwa pale sayari zinapojikusanya. Hivyo ndivyo kwetu palivyokuwa wakati huo.

Je, kila nyota ina sayari?

Nyingi zinazo. Sayari za kwanza nje ya mfumo wetu zilithibitishwa mwaka 1992, nazo zilikutwa zikizunguka mabaki ya nyota iliyokwisha kulipuka. Baada ya 51 Pegasi mlango ulifunguka. Darubini ya Kepler, iliyorushwa 2009 na kufanya kazi hadi 2018, ilivumbua maelfu kwa kuangalia nyota inavyofifia kidogo sayari inapopita mbele yake. Sasa idadi iliyothibitishwa imevuka 6,000, na takwimu zinaonyesha kwamba kwa wastani kuna angalau sayari moja kwa kila nyota ya Njia Nyeupe.

Mifumo hiyo si nakala ya wetu. TRAPPIST-1, nyota ndogo nyekundu iliyo miaka ya nuru 40 hivi kutoka hapa, ina sayari saba zenye ukubwa unaokaribiana na wa Dunia, na zote ziko karibu nayo kuliko Utaridi ilivyo karibu na Jua. Kuna pia sayari zisizo na nyota kabisa. Nyingi zinadhaniwa zilifukuzwa kwenye mifumo yake zikiwa changa, na sasa zinaelea gizani ndani ya galaksi.

Mfumo mmoja unaweza kuwa na nyota mbili?

Ndiyo, na ni jambo la kawaida. Karibu nusu ya nyota zinazofanana na Jua zina mwenzake. Shira, nyota angavu kuliko zote za usiku, ni nyota mbili. Proxima Centauri nayo huzunguka nyota mbili zinazozungukana ambazo kwa macho tunaziona kama nyota moja, Rijili Kantori. Mwaka 2011 ilipatikana sayari Kepler-16b, inayozunguka nyota mbili kwa pamoja; huko jua hutua mara mbili.

Kwa nini Pluto iliondolewa kwenye orodha ya sayari?

Yenyewe haikwenda popote, bado inalizunguka Jua kama ilivyokuwa ilipogunduliwa mwaka 1930. Mwaka 2006 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, ukikutana Prague, uliamua kwamba sayari ya mfumo wetu lazima itimize masharti matatu: izunguke Jua, iwe na tungamo la kuifanya iwe mviringo, na iwe imesafisha njia yake. Pluto inashiriki njia yake na vitu vingine vingi, kwa hiyo ni sayari kibete. Sayari kamili ni nane.

Mfumo wa Jua na galaksi si kitu kimoja?

Hapana, na huu ndio mkanganyiko ninaokutana nao kuliko wote. Watu husema "sayari ya galaksi nyingine" wakimaanisha sayari ya nyota jirani. Tofauti ya ukubwa ni ya kutisha, nami nadhani inafaa kuipimia kwa mguu.

Chukua mpira wenye upana wa sentimita 14 uwe Jua. Dunia ni chembe ya milimita 1.3, hatua kama ishirini mbali, yaani mita 15. Mshtarii ni gololi ya sentimita 1.4 iliyo umbali wa mita 78. Neptuni, sayari ya mwisho, iko mita 450. Dakika chache za kutembea na umemaliza sayari zote. Sasa nenda ukaweke nyota inayofuata. Utalazimika kusafiri kilomita 4,000. Katikati ya hapo hakuna nyota nyingine hata moja. Na hao ni majirani wawili tu. Njia Nyeupe ina nyota kati ya bilioni 100 na bilioni 400.

Kwa sababu hiyo kilomita hazifai tena, na tunapima kwa mwaka wa nuru: umbali ambao mwanga, unaokwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, huusafiri kwa mwaka mmoja. Ni kilomita trilioni 9.46. Kutoka kwenye Jua mpaka Neptuni ni saa nne za nuru. Mpaka Proxima Centauri ni miaka ya nuru 4.24. Kukata Njia Nyeupe upande hadi upande ni miaka ya nuru 100,000 hivi.

Kuna chombo chochote kilichotoka kwenye mfumo wa Jua?

Inategemea mpaka unauweka wapi. Voyager 1, kilichorushwa 1977, kilivuka mwaka 2012 mahali ambapo upepo wa chembechembe za Jua unashindwa na gesi ya kati ya nyota. Mwenzake, Voyager 2, alifuata 2018. Lakini uvutano wa Jua unafika mbali zaidi, na nyotamkia zisizohesabika zinaaminika kulizunguka huko nje. Kwa kasi yake ya kilomita 17 kwa sekunde, Voyager 1 kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali wa kwenda Proxima Centauri, nacho hakielekei huko.

Dunia huzunguka Jua. Jua huzunguka nini?

Huzunguka kitovu cha Njia Nyeupe, kilicho miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka hapa. Linakwenda kwa zaidi ya kilomita 200 kwa sekunde, likiburuta sayari zake zote, na bado mzunguko mmoja huchukua takriban miaka milioni 230. Tangu dinosaria walipotoweka, miaka milioni 66 iliyopita, Jua halijamaliza hata theluthi moja ya mzunguko.

Basi shimo jeusi la katikati ndilo linaloshika galaksi nzima?

Hapana. Shimo jeusi, yaani kitu chenye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, lipo katikati ya galaksi yetu, linaitwa Sagittarius A*, na lina tungamo la Jua mara milioni nne hivi. Wanaastronomia Andrea Ghez na Reinhard Genzel walilithibitisha kwa kufuatilia kwa miaka mingi nyota zinazolizunguka kwa kasi ajabu, na picha yake ilitolewa Mei 2022. Lakini milioni nne ni kidogo sana mbele ya galaksi yenye nyota kwa mabilioni. Katika mfumo wa Jua kuna bwana mmoja mwenye karibu tungamo lote. Kwenye galaksi hakuna. Galaksi inashikwa na wote walio ndani yake: nyota, gesi, na kitu kingine tusichokiona.

Kitu hicho ni maada ya giza. Wanaastronomia Vera Rubin na Kent Ford, katika miaka ya 1970, walipima mwendo wa nyota na gesi kwenye galaksi nyingine. Walitarajia zilizo pembezoni ziende polepole, kama Neptuni inavyokwenda polepole kuliko Dunia. Hazikufanya hivyo. Zilikwenda karibu kwa kasi ileile ya zilizo ndani, jambo ambalo haliwezekani bila maada nyingi zaidi ya ile inayong'aa. Maada hiyo ni ya aina gani, sayansi bado inatafuta.

Makundinyota ni galaksi ndogo?

Hapana. Kundinyota ni mchoro tunaouona kutoka tulipo. Katika kundinyota la Jabari, nyota nyekundu ya begani, Ibuti la Jauza, iko kati ya miaka ya nuru 500 na 700. Ile ya buluu mguuni iko karibu 860. Zinaonekana jirani tu kwa sababu ziko upande mmoja wa anga yetu. Kilimia ni jambo tofauti: hizo ni nyota ndugu, zimezaliwa kwa wingu moja, na bado zinasafiri pamoja. Hata hivyo ni fungu dogo ndani ya galaksi yetu.

Nyota zote unazoweza kuzitambua moja moja kwa macho matupu zimo ndani ya Njia Nyeupe.

Picha nzima ya Njia Nyeupe ilipigwa na nani?

Hakuna aliyeipiga. Tumo ndani yake, na hakuna chombo kilichotoka nje yake. Picha zile za duara lenye mikono ni michoro iliyotokana na vipimo; chombo cha Ulaya kiitwacho Gaia, kilichorushwa 2013, kilipima mahali na mwendo wa nyota karibu bilioni mbili. Galaksi zilizopigwa picha halisi za namna hiyo ni za wenzetu.

Ilijulikanaje kwamba kuna galaksi nyingine?

Si zamani. Mpaka mwaka 1920 wataalamu walikuwa bado wanabishana kama vile viwingu vya mviringo angani vimo ndani ya Njia Nyeupe au ni visiwa vya nyota vilivyo mbali kabisa.

Ufunguo ulipatikana na Henrietta Leavitt, mwanamke aliyefanya kazi ya kuchunguza sahani za picha katika kituo cha kuchunguzia anga cha Harvard. Aligundua, na mwaka 1912 akachapisha, kwamba kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa mpigo maalumu, na kadiri mpigo ulivyo mrefu ndivyo nyota ilivyo angavu kwa asili. Hesabu siku za mpigo, utajua ukali halisi wa mwanga wake. Linganisha na unavyouona, utapata umbali.

Oktoba 1923, mwanaastronomia Edwin Hubble alipiga picha ya wingu la Andromeda kwa darubini ya Mlima Wilson, California. Kwenye sahani ya kioo alitia alama N penye nukta aliyodhani ni nyota iliyolipuka. Alipolinganisha na sahani za zamani alikuta ileile inafifia na kurudi. Akaikata ile N, akaandika kando VAR!, kwa alama ya mshangao, yaani nyota inayobadilika. Mpigo wake ulikuwa siku 31. Kwa kanuni ya Leavitt, Andromeda ilikuwa mbali mno kuwa ndani ya Njia Nyeupe. Hubble alikadiria umbali mdogo kuliko ulivyo. Leo unajulikana kuwa miaka ya nuru milioni 2.5. Hoja yenyewe ilisimama, na galaksi moja ikawa nyingi. Leavitt alikuwa amekwisha fariki mwaka 1921, na jina lake linastahili kutajwa kila Hubble anapotajwa.

Kama ulimwengu unatanuka, Dunia inasogea mbali na Jua?

Kutanuka hakuigusi Dunia wala Jua. Kunaonekana kati ya makundi ya galaksi yaliyo mbalimbali. Ndani ya mfumo wa Jua, ndani ya galaksi, na hata kati yetu na Andromeda, uvutano unashinda.

Galaksi zikigongana, nyota hulipuka?

Hazigusani. Kumbuka mipira miwili iliyo kilomita 4,000 mbali: galaksi mbili zinaweza kupitana na nyota karibu zote zisigongane. Kinachogongana ni mawingu ya gesi, na hapo nyota mpya huzaliwa kwa wingi. Andromeda inasogea kuelekea kwetu. Kwa muda mrefu mgongano ulidhaniwa ni lazima. Hesabu zilizochapishwa 2025 zinasema uwezekano ni nusu kwa nusu ndani ya miaka bilioni 10 ijayo.

Nyota ikifa, sayari zake hupatwa na nini?

Jua limebakiza miaka bilioni tano hivi. Litavimba liwe jitu jekundu, limeze Utaridi na Zuhura, huenda na Dunia, kisha libaki kibete cheupe kidogo kama Dunia. Nyota nzito hufa kwa mlipuko wa supanova. Mmoja ulionekana mwaka 1987 katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoandamana na yetu.

Lakini kifo hicho ndicho kilichotengeneza sayari kwa mara ya kwanza. Ulimwengu ulianza na haidrojeni na heliamu, karibu hakuna kingine. Kwa vitu hivyo viwili peke yake huwezi kujenga mwamba. Oksijeni unayovuta, kalisi ya mifupa yako na chuma cha damu yako vilipikwa ndani ya nyota au katika milipuko yake, vikamwagwa kwenye gesi ya galaksi, vikangoja wingu jingine lijikunje. Galaksi ndiyo iliyovihifadhi. Ingekuwa nyepesi mno, mlipuko ungevitupa nje visirudi tena.

Kuna kitu kikubwa kuliko galaksi?

Njia Nyeupe, Andromeda na galaksi ndogo kadhaa ni Kundi la Karibu. Kundi hilo liko pembezoni mwa mkusanyiko mkubwa zaidi ambao mwaka 2014 ulipewa jina Laniakea, wenye galaksi 100,000 hivi. Idadi ya galaksi zote katika sehemu ya ulimwengu tunayoweza kuiona hukadiriwa kuanzia mamia ya mabilioni hadi trilioni mbili.

Naweza kuziona ngazi hizi bila darubini?

Zote. Sayari tano huonekana kwa macho, nazo hazimeti kama nyota. Zuhura na Mshtarii ndizo rahisi kuanza nazo. Upanga wa Jabari, chini ya nyota zake tatu za mkanda, una ukungu hafifu: hapo nyota zinazaliwa sasa hivi, miaka ya nuru 1,350 hivi kutoka hapa. Usiku usio na mwezi, mbali na taa, ule mkanda mweupe unaokata anga ni galaksi yetu ikitazamwa kutoka ndani. Na kwa galaksi nyingine, walio kusini wana Mawingu mawili ya Magellan, walio kaskazini na karibu na ikweta wana Andromeda, doa refu lenye ukungu. Mwanaastronomia Al-Sufi aliliandika kama wingu dogo karibu mwaka 964. Yape macho dakika ishirini yazoee giza, kisha usilikazie macho doa hilo. Litazame kwa pembeni kidogo, maana pembe ya jicho hukamata mwanga hafifu vizuri zaidi.